Vifaa vya utafiti wa bahari Tanga vimezuiwa Marekani: sheria za udhibiti wa usafirishaji nje zinatugusa vipi sisi wa vyuoni?

Pwani_Utafiti

Salaam wakuu. Nawaomba wenye ujuzi wa miradi ya pamoja na vyuo vya nje.

Mradi ni wa kuchora ramani ya makazi ya viumbe wa chini ya bahari, kuanzia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga kushuka hadi maji ya Bagamoyo. Mshirika ni chuo kikuu cha Marekani na fedha ni za kwao. Kwetu kuna wahadhiri wawili na mwanafunzi mmoja wa uzamivu. Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kipo mkononi. Vifaa vinavyosubiriwa:

- AUV moja ndogo, ile nyambizi inayojiendesha, yenye sona ya pembeni (inayopiga picha ya sakafu ya bahari kwa sauti)
- haidrofoni nne (maikrofoni za chini ya maji)
- droni yenye kamera ya joto ya 640 kwa 512, ya kupiga mikoko na kuhesabu mitumbwi inayovua usiku
- laptopu mbili zenye programu za kuchakata data

Ofisi yao ya udhibiti wa usafirishaji nje imesimamisha mzigo wote. Wanataka tamko la mtumiaji wa mwisho na "namba za vifaa". Tumewatumia namba za forodha, wakajibu sizo. Maswali yangu:

1. Utafiti wa samaki na mikoko unaingiaje kwenye sheria za silaha? Kila kitu tutakichapisha, hakuna siri.
2. Tamko hilo liandikweje na asaini nani?
3. Vikifika, tunaweza kuwaazima wenzetu wa chuo cha uvuvi cha Mbegani? Na vikiharibika, fundi aliye karibu yuko Mombasa.
4. Mhadhiri wetu mmoja anakwenda kwao miezi sita. Naye atazuiwa?

---

Kaole_B

Mkuu, anza kwa kutenganisha maarifa na mzigo. Mkanganyiko wote unatoka hapo.

Ni kweli Marekani ina msamaha wa utafiti wa msingi. Sera yake ni ya mwaka 1985, inaitwa NSDD-189, na imeingizwa kwenye EAR, yaani kanuni zao za usafirishaji nje, kifungu cha 734.8. Unasema hivi: maarifa yanayotokana na utafiti unaokusudiwa kuchapishwa, na ambao watafiti wake hawakukubali kizuizi chochote cha kuchapisha, hayadhibitiwi. Lakini msamaha huo unahusu maarifa peke yake. Haujawahi kuhusu kifaa. Makala yenu juu ya samaki silikanti ni huru kabisa, ila AUV iliyopiga picha za makala hiyo inabaki kuwa AUV. Kwa hiyo kuwaambia "tutachapisha kila kitu" hakuwasaidii kwenye mzigo, hata mkirudia mara ngapi.

Pia si sheria za silaha. Zile za silaha zinaitwa ITAR na zipo chini ya Wizara yao ya Mambo ya Nje. Vifaa vyenu kwa kawaida vinaangukia EAR, chini ya ofisi ya BIS ya Wizara ya Biashara, ambayo inashughulikia vitu vyenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Namba wanayoitaka ni ECCN, yaani namba ya kifaa kwenye orodha yao ya udhibiti. Ina alama tano kwa jumla: tarakimu ya kwanza ni kundi (6 ni vihisio na leza, 7 ni uongozaji wa vyombo, 8 ni vya baharini, 9 ni vya angani), herufi inayofuata ni aina (A ni kifaa, D ni programu, E ni teknolojia), halafu tarakimu tatu. Msikisie nyie. Mwenye namba sahihi ni mtengenezaji. Mshirika amwandikie barua pepe akitaja modeli kamili.

Sasa kifaa kwa kifaa.

AUV ndiyo iliyowakwamisha, naweka dau. Kipengele cha 8A001.c kinakamata chombo cha chini ya maji kisicho na mtu kinachoweza kujiamulia njia bila binadamu kukiongoza muda huo huo, au chenye mawasiliano ya sauti ya majini. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya AUV! Udogo wake haukitoi, na matumizi ya kisayansi hayakitoi. Kipengele hicho kinadhibitiwa kwa sababu za usalama wa taifa, na kwa nchi kama Tanzania maana yake ni leseni. Ndani yake angalieni pia kitengo cha kupima mwendo na mwelekeo, maana vizuri zaidi vina namba yao kwenye kundi la 7.

Kama kazi inaruhusu, fikirieni ROV ya kamba, ile inayoongozwa na mtu kutoka kwenye boti, badala yake. Chombo cha kamba kisichojiongoza, kisicho na mawasiliano ya sauti, na kilichotengenezwa kwa kina kisichozidi mita 1,000, kwa kawaida kipo nje ya 8A001.c. Chenye uwezo wa mita 300 na kamera nzuri kitawapa picha za miamba ya Tanga bila kusubiri leseni. Mtapoteza eneo, kwa sababu kamba inawafunga karibu na boti, na mkondo wa kusi utawasumbua. Lakini msimu mmoja wa data chache ni bora kuliko msimu mzima wa barua pepe.

Sona ya pembeni inategemea ukali wa picha na eneo inalofagia kwa sekunde. Haidrofoni inategemea usikivu, kina, na kama ina fidia ya mtikisiko. Ombeni karatasi ya vipimo ya modeli husika, msitumie kipeperushi cha mauzo.

Kamera ya joto: 640 kwa 512 ni vipimajoto 327,680. Hapo kinachoamua ni kasi ya picha. Kamera za aina isiyopoozwa zenye kasi ya juu kabisa isiyozidi picha 9 kwa sekunde hazimo kwenye 6A003.b.4.b, zinashuka kwenye 6A993 ambayo ni nafuu mno. Ile ya picha 30 au 60 ni habari nyingine. Mikoko haikimbii na mtumbwi wa ngalawa hauhitaji picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo agizeni toleo la 9. Liwe limefungwa kiwandani. Kuahidi kwamba "tutaiweka 9 kwenye menyu" hakukubaliki.

Droni yenyewe: 9A012 inaanza pale inapoweza kukaa angani saa 1 au zaidi, au dakika 30 hadi chini ya saa 1 huku imetengenezwa kupaa na kutulia kwenye upepo wa kilomita 46.3 kwa saa. Nyingi za dukani zimeandikwa mita 12 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 43.2. Zinapita chini ya mstari kwa kidogo sana, basi msisome vipimo vya modeli jirani.

Laptopu zenye programu za kawaida hazina shida kubwa.

---

MzigoForodha

Naongezea upande wa karatasi, maana hapo ndipo siku zinapoliwa.

Namba mliyopeleka ni ya HS. Hiyo ni ya ushuru, TRA wanaitaka, na haihusiani kabisa na ECCN. Zote mbili zinatakiwa, kila moja mlango wake. Msije mkaandika ECCN kwenye tamko la forodha huku mkidhani mmemaliza.

Tamko la mtumiaji wa mwisho liwe ukurasa mmoja au mbili, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, na liseme: jina kamili la taasisi, mahali ilipo (mtaa, kiwanja, jengo, S.L.P. peke yake hurudishwa, na sisi kila barua tunaandika S.L.P.), orodha ya vifaa na namba za mfululizo (serial) kama zipo, kazi itakayofanyika na eneo la maji, muda, vitatunzwa wapi, nani ana funguo, kwamba havitatumika kwa silaha za nyuklia, kemikali, kibaiolojia wala makombora, na kwamba havitatolewa nchini au kwa mtu mwingine bila idhini inayotakiwa. Wakati mwingine wanataka na fomu yao BIS-711. Asaini mwenye mamlaka ya kukifunga chuo kisheria, yaani makamu mkuu wa chuo au aliyemkasimu kwa maandishi. Saini ya kiongozi wa mradi haitoshi.

Hapo kwenye "kuhesabu mitumbwi ya usiku" kuweni makini. Mtu anayesoma Washington anaona kamera ya joto, usiku, watu. Elezeni wazi kwamba ni takwimu za juhudi za uvuvi, picha hazitambui sura, na nani atapewa matokeo. Kama matokeo yatakwenda kwa doria, semeni. Mkificha halafu ikajulikana, leseni inakuwa imepatikana kwa maelezo ya uongo.

Na kibali cha droni: kwetu kuna TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na upande wa ulinzi nao wana kauli yao. Mkiambatanisha barua ya wizara ya ulinzi kwenye maombi bila maelezo, msomaji wa kule atadhani jeshi ndilo mtumiaji. Wekeni sentensi moja: kibali hiki ni cha kuruka anga, mwenye kifaa na anayekitumia ni chuo.

Forodha yetu: kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 mnaweza kuingiza kwa muda bila kulipa ushuru, kwa dhamana, na mwisho ni miezi 12. Kwa macho ya forodha chombo hicho ni waja leo waondoka leo, kama Tanga yenyewe. Kikipitiliza, dhamana inaliwa. Vyenye mawimbi ya redio vipitie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema.

Betri! AUV ina betri ya lithiamu inayopita Wh (wati-saa) 100 bila shaka. Hiyo ni mzigo hatari daraja la 9, na ikisafiri peke yake kwa ndege ya mizigo chaji isizidi asilimia 30. Leseni inaweza kuwa safi na sanduku likabaki uwanjani kwa ajili ya kibandiko cha betri.

---

Chumbageni_T

Mnajichosha bure. Nunueni Ulaya au China, muachane na Wamarekani.

---

Kaole_B

@Chumbageni_T ndugu yangu, Ulaya wana kanuni yao, 2021/821, yenye orodha inayofanana sana na ya Marekani kwa sababu zote zinatoka kwenye makubaliano yale yale ya kimataifa. AUV iliyo kwenye orodha Boston iko kwenye orodha Hamburg. China nayo ilianza kudhibiti baadhi ya droni na vipuri vyake, zikiwemo baadhi ya kamera za joto, Septemba 2023. Halafu kifaa cha Ulaya chenye sehemu za Kimarekani zinazodhibitiwa kupita asilimia 25 ya thamani yake bado kinaifuata EAR kikisafirishwa kuja kwetu. Kwa nchi kama Iran kizingiti hicho ni asilimia 10. Kubadilisha muuzaji kunasaidia tu kama unabadilisha na aina ya kifaa.

@Pwani_Utafiti kuhusu kuazima. Sheria hii haiishii bandarini, inakifuata kifaa popote. Kukitoa Tanga kwenda Mombasa ni kukisafirisha upya, sawa na kutoka Marekani kwenda Kenya, hata kama ni kwa matengenezo ya siku mbili. Kuwapa wenzenu wa Mbegani hakuvuki mpaka, lakini kunabadilisha mtumiaji, na kama leseni imetaja chuo chenu peke yake basi huo ni uhamisho unaohitaji ruhusa. Dawa ni ya bure: watajeni mapema. Mbegani waingie kwenye maombi kama mtumiaji wa pili, na karakana ya Mombasa itajwe kama mahali pa matengenezo. Kuongeza jina kabla ya leseni kutoka ni sentensi moja. Baada ya kutoka ni maombi upya. Kwa utaratibu wao maombi yanatakiwa yamalizwe ndani ya siku 90, ila wakirudisha kwa maswali, saa inasimama.

Kuna njia nyingine ambayo washirika huipenda, na ina mtego. Inaitwa TMP, ruhusa ya muda kwa zana za kazi: mtafiti wa Marekani anakuja na kifaa chake, anarudi nacho ndani ya mwaka 1, bila leseni, kama aina ya kifaa inaruhusiwa. Sharti ni kwamba kiwe chini ya udhibiti wake muda wote, mkononi au mahali palipofungwa na kulindwa. Kinachoharibu ni mazoea: msimu ukiisha, profesa anaruka kwenda kwao, AUV inabaki stoo ya Tanga "mpaka Januari" na ufunguo anao mwanafunzi wetu. Siku hiyo hiyo ruhusa imekufa, na aliyevunja ni yeye, si nyie. Msimshawishi aache kifaa kwa wema. Wao wanaweka kumbukumbu za kila safari kwa miaka 5 na wanakaguliwa.

Msidhani ni vitisho vya makaratasi. Kosa la kukusudia chini ya sheria yao ya 2018 ni faini hadi dola milioni 1 na kifungo hadi miaka 20. Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell kilitozwa dola 100,000 mwaka 2013, faini iliyosimamishwa kwa masharti, kwa kupeleka kifaa cha kupima angahewa Pakistan. Kifaa kilikuwa EAR99, yaani kundi la chini kabisa lisilo na namba maalumu. Tatizo lilikuwa mpokeaji: alikuwa kwenye orodha ya waliozuiwa. Ndiyo maana hata kwa vifaa vyenu vyepesi watachuja majina: chuo, wahadhiri, mwenye boti, wakala wa forodha. Wapeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Mtu aliyeandikwa kwa jina moja kwenye barua na jina jingine kwenye pasipoti anachelewesha kundi zima, na pwani hii kila mtaa una watu kumi wenye jina na jina la baba linalofanana. Ongezeni tarehe ya kuzaliwa mapema.

---

Pwani_Utafiti

Nashukuru sana wakuu. Tunaelekea kwenye ROV. Limebaki la mhadhiri anayekwenda, na limeongezeka moja: wenzetu wa kitivo cha afya wana sampuli za panya kutoka Lushoto, mradi wa tauni. Wanataka vimelea vipelekwe Marekani vikachambuliwe kisha baadhi virudishwe hapa.

---

Usambara_Maabara

La tauni nalishika mimi, mwenzangu atajibu la mhadhiri.

Kimelea cha tauni, Yersinia pestis, kipo kwenye orodha ya EAR, namba 1C351, pamoja na kimeta, homa ya Bonde la Ufa na wengineo. Vimelea vya malaria havimo, kwa hiyo msichukulie uzoefu wa wenzetu wa utafiti wa malaria pale Bagamoyo kuwa kipimo.

Kwenda: hapo sheria zinazotangulia ni zetu. Kibali cha utafiti, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) kwa kuwa ni wanyamapori, na mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili. Kule anayepokea anahitaji kibali cha kuingiza na maabara iliyosajiliwa kwa vimelea hatari vya daraja hilo. Jiulizeni kwanza kama mnahitaji kupeleka kimelea hai. DNA iliyotolewa na kuthibitishwa kuwa haina kiumbe hai inapunguza mzigo wa usalama, ingawa vinasaba vyenyewe vinaweza kuwa na namba yao, 1C353, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufunga kisanduku. Mfuatano wa jeni ukishachapishwa wazi si kitu cha kudhibitiwa. Kwa maswali mengi ya ukoo wa bakteria mfuatano unatosha.

Kurudi: hapa ndipo watu wanajikwaa. Wanasema "ni sampuli yetu, imerudi nyumbani". EAR haiulizi ilizaliwa wapi, inauliza inatoka wapi sasa. Kichupa cha mikrolita 50 kikitoka Marekani kuja Tanga kinahitaji leseni. Thamani ndogo haisaidii. Chuo Kikuu cha Princeton kililipa dola 54,000 mwaka 2021 kwa makosa 37 ya kutuma vimelea vya wanyama kwa maabara za nje bila leseni. Vitu vyenyewe vyote kwa jumla vilikuwa na thamani ya takriban dola 27,000. Waliopokea walikuwa watafiti wa kawaida.

Ushauri: gawanyeni kila sampuli mara mbili kabla haijaondoka. Nusu ibaki hapa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme wa dharura ujaribiwe kwanza. Mkifanya hivyo swali la kurudisha linaondoka lenyewe.

Na kwa wa baharini: mkipata silikanti aliyenaswa na jarife, msikate kipande mkakituma kwa barua. Yumo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kwa kipande cha misuli kibali ni lazima.

---

Kaole_B

La mhadhiri. Kuna kanuni inayosema kumfunulia mgeni teknolojia inayodhibitiwa ndani ya Marekani kunahesabiwa sawa na kuisafirisha kwenda nchi yake. Chini ya EAR wanaangalia uraia wake wa karibuni kabisa au ukaazi wa kudumu. Kwa Mtanzania anayefanya utafiti wa wazi kwenye maabara ya kawaida, hakuna leseni. Kufundishwa kozi iliyo kwenye orodha ya kozi za chuo hakuhesabiwi. Kuendesha tu kifaa kinachodhibitiwa nako kwa kawaida si tatizo, kwa sababu teknolojia ya "matumizi" kwa maana ya EAR inahitaji mambo sita kwa pamoja: kuendesha, kufunga, kutunza, kutengeneza, kufumua na kukarabati upya. Akikabidhiwa miongozo ya ndani ya kiwanda ya kuunda AUV, hapo ni jambo jingine. Kama anaajiriwa kwa viza ya H-1B, mwajiri anatakiwa kutamka kwenye fomu I-129 kama leseni inahitajika. Ataulizwa CV na mada, ajibu bila wasiwasi.

Hatari iko kwenye mkataba, kuliko kwenye viza. Someni mkataba wa fedha kabla hajafunga begi na tafuteni sentensi mbili. Ya kwanza: mfadhili lazima aidhinishe kabla ya kuchapisha. Kama ni kusoma rasimu ili kuondoa siri za kibiashara au kulinda hataza, sawa, msamaha unabaki. Kama ana mamlaka ya kukataa, msamaha umekwisha na kila data inaweza kuwa ya kudhibitiwa. Ya pili: washiriki wawe raia wa Marekani tu, au wa nchi fulani. Ikiwepo, mhadhiri wenu hatakiwi hata kuwa kwenye orodha ya barua pepe ya mradi. Na makubaliano ya mdomo yanahesabiwa: profesa wa kule akimwambia mfadhili "sawa, tutasubiri kwanza", ameuvunja msamaha bila kusaini chochote.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Profesa John Reece Roth wa Chuo Kikuu cha Tennessee. Mradi ulikuwa wa jeshi la anga, plasma kwa ajili ya ndege zisizo na rubani, chini ya ITAR. Aliwatumia wanafunzi wa uzamivu kutoka China na Iran na akasafiri na data. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka 4. Kuwa profesa wa chuo hakukumwokoa.

Kwa mradi wenu, mwombeni mshirika barua ya mistari mitatu inayosema mradi umeamuliwa kuwa ni utafiti wa msingi, nani aliyeamua, na tarehe. Iwekeni kwenye faili moja na kibali cha COSTECH. Mkiongeza mfadhili wa pili katikati ya mradi, barua hiyo inatakiwa iandikwe upya, maana masharti ya mfadhili mmoja yanaambukiza kazi yote.

---

MzigoForodha

@Pwani_Utafiti kwenye ankara ya ROV, kamba na kidhibiti cha juu viorodheshwe kila kimoja na namba yake ya mfululizo. Vikiandikwa "ROV seti 1" na kamba ikakatika, ya kubadilisha itaonekana ni mzigo mpya na ile mbovu itakosekana siku ya kufunga dhamana.